Mstari wa rangi hautoshi kuujua mji wa Cádiz

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu makala ya safari mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu Cádiz, mji wa kale wa bandari ulioko kusini mwa Uhispania. Mwandishi wa makala hiyo aliwashauri wasomaji wasitoe fedha kumlipa mwongoza watalii, kwa kuwa njia za mji huo zimechorwa mistari ya rangi ambayo mgeni anaweza kuifuata mwenyewe, akaumaliza mji mzima kwa saa mbili. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimefanya kazi kwenye meli za abiria kwa miaka mingi, na bandari ya Cádiz nimeteremka zaidi ya mara kumi. Niliusoma ushauri huo kwa masikitiko, kwa sababu niliwahi kuufuata kabla haujaandikwa, na ninajua ulinikosesha nini.

Meli za abiria pale hufunga gatini ubavuni mwa mji wenyewe, hata baharia mwenye saa nne tu kati ya zamu na zamu huweza kutoka kwa miguu, akavuka barabara na kuingia uwanja wa San Juan de Dios bila kutafuta gari. Siku ya kwanza niliushika mstari wa kijani, ule unaozunguka ukingo wa bahari penye ngome na maboma, kisha nikauingia ule wa rangi ya machungwa unaopita mtaa wa Pópulo, ambao ndio mtaa mkongwe. Nilipiga picha nyingi. Jioni mpishi mwenzangu, kijana wa Kilifi, aliniuliza nimeona nini huko, nikajikuta sina la kumweleza ila kwamba mji ni mweupe na bahari imeuzunguka karibu pande zote. Hayo angeweza kuyaona mwenyewe akiwa sitahani.

Safari iliyofuata nililipa. Aliyetuongoza alikuwa mama wa makamo, na shingoni alivaa kitambulisho cha serikali ya jimbo la Andalucía, maana huko kazi ya kuongoza watalii ina kibali chake rasmi. Tulikuwa watu kumi na wawili. Hatukufika mbali akatusimamisha kando ya ukuta ambao lipu yake ilikuwa imebanduka, akatuambia tuweke viganja juu ya jiwe. Lilikuwa limejaa makombe ya chaza na ya viumbe wengine wa baharini, baadhi yakiwa mazima kabisa, hata ukipitisha ukucha unazihisi mbavu zake, nayo yameshikamana na mchanga na changarawe kana kwamba yamekandwa pamoja. Wenyeji huliita piedra ostionera, yaani jiwe la chaza, na walikuwa wakilichimba ufukweni mwao wenyewe. Ni jiwe lenye vitundu vingi linalonyonya unyevu na chumvi, ndiyo maana kuta zake hupakwa chokaa zisiliwe na hewa ya bahari, na ndiyo maana mji ukitazamwa kutoka melini huonekana mweupe. Mimi nimelelewa katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa katika Mji wa Kale wa Mombasa, na ukuta unaotoka jasho la chumvi naujua tangu utotoni. Pale ukutani sikuhitaji mkalimani. Lakini siku ya kwanza nilipita karibu na kuta za namna hiyo macho yangu yakiwa chini, yakiutafuta mstari.

Mbele kidogo, kwenye kona ya nyumba, palikuwa na chuma kinene kilichosimikwa wima ardhini, ambacho mwanzoni nilikidhania kuwa nguzo ya kuzuia magari. Kumbe ulikuwa mzinga wa zamani. Mizinga iliyochakaa ilisimikwa kwenye kona nyingi za mji huo ili magurudumu ya magari ya farasi yasikwangue kuta, na ukishaonyeshwa mmoja utaiona mingine kila upitapo.

Kuhusu ukongwe wa mji makala yenu haikukosea, ila ilipita haraka mno. Mapokeo ya waandishi wa kale yanasema Wafoinike wa Tiro, wafanyabiashara wa baharini kutoka pwani ya Lebanoni ya leo, waliuanzisha karibu mwaka 1100 kabla ya Kristo, nao wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua chini ya jumba la maonyesho ya vikaragosi mabaki ya nyumba na njia za Wafoinike hao, ambayo leo mgeni hushuka kwa ngazi kuyatazama. Waliuita Gadir, Warumi wakauita Gades, Waarabu wakauita Qadis, na jina la leo limetokana na hayo yote. Katika mtaa wa Pópulo kuna ukumbi wa michezo wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, uliojengwa na ukoo wa Balbus, ambao ulisahaulika chini ya nyumba na maghala hadi ulipogunduliwa mwaka 1980. Hata sasa haujafukuliwa wote, kwa sababu juu ya sehemu yake kuna nyumba za watu. Mwongoza watalii wetu alituonyesha mahali ambapo safu za viti vya mawe zinaingia chini ya msingi wa nyumba na kupotelea humo, kisha akanyanyua kidole kutuonyesha dirisha la ghorofa ya juu ambapo mtu alikuwa akimwagilia maua. Picha niliyopiga siku ya kwanza mahali hapohapo inaonyesha mawe tu.

Kanisa kuu nitalipitia kwa ufupi. Lilianza kujengwa mwaka 1722, fedha za biashara ya Amerika zilipokuwa nyingi, likamalizika mwaka 1838, fedha hizo zikiwa zimekwisha, na ukisimama mbele yake utaona jiwe la chini lilivyo tofauti na lile la juu.

Ninapotaka kukaa kidogo ni juu ya mapaa. Mwaka 1717 ofisi ya serikali iliyosimamia biashara yote ya Uhispania na makoloni yake ya Amerika ilihamishwa kutoka Sevilla kuja Cádiz, na wafanyabiashara wakajenga majumba makubwa, kila tajiri akitaka mnara wake juu ya paa wa kuangalia bahari. Minara zaidi ya 100 ingali imesimama. Mingine ina paa bapa, mingine ukiitazama kwa ubavu ina umbo la kiti chenye egemeo, na mingine ina kijumba kidogo cha mlinzi kileleni. Mtu alikaa humo na darubini, akizitazama meli zinapochomoza upeoni na kuzisoma bendera zake, ili mwenye mali apate habari ya shehena yake kabla nanga haijatupwa. Mnara wa Tavira, ambao kilele chake kiko mita 45 juu ya usawa wa bahari, ulifanywa mnara rasmi wa bandari mwaka 1778, nao umechukua jina la mlinzi wake wa kwanza, Antonio Tavira. Tangu mwaka 1994 kileleni mwake kuna chumba cha giza ambamo kioo na lenzi hutupa taswira ya mji juu ya sahani kubwa nyeupe, nayo si picha iliyoganda, kwa maana unaona nguo zilizoanikwa juu ya mapaa zikipepea, shakwe wakikatiza, na meli yako mwenyewe ikiwa gatini, ndogo kama punje ya mchele. Nimekaa melini nusu ya umri wangu, na sikuwahi kuitazama bandari kwa jicho la yule anayeisubiri meli.

Ni katika chumba hicho ndipo nilipouliza swali lililonileta kwenye barua hii. Niliuliza meli zile zilileta nini na zilipeleka nini. Mama yule alitaja fedha, kakao, tumbaku na rangi nyekundu ya kutia nguo, akanyamaza kidogo, kisha akasema walikuwako pia watu. Alisema Cádiz ilikuwa na watumwa wengi Waafrika majumbani na bandarini, na kwamba mwaka 1765 ilianzishwa humo kampuni ya wafanyabiashara iliyopewa mkataba na mfalme wa kupeleka Waafrika katika makoloni ya Karibi, ikiwa na kituo chake Puerto Rico. Sikuona mstari wa rangi yoyote unaoyasema hayo, wala sikuyaona katika kijitabu nilichopewa siku ya kwanza.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi kanisa la San Felipe Neri, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na makala yenu. Mwandishi aliandika kwamba katika kanisa hilo lilizaliwa tamko la uhuru lililompa kila mtu haki sawa. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1810 na 1812, majeshi ya Napoleon yakiwa yameuzingira mji kwa upande wa nchi kavu, wawakilishi wa Uhispania na wa makoloni yake walikutana kwanza katika mji jirani, kisha, tangu mwaka 1811, ndani ya kanisa hilo lenye umbo la yai, wakaandika katiba yenye vifungu 384 iliyotangazwa tarehe 19 Machi 1812. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na kwa kuwa mwanamke mwenye jina la Josefa huitwa Pepa, watu waliibandika katiba hiyo jina la La Pepa. Ni kweli pia kwamba ilisema mamlaka ya nchi yamo mikononi mwa taifa wala si mali ya mfalme, jambo zito kwa wakati ule, hata Mfalme Fernando VII alipokirudia kiti chake aliifuta mwaka 1814. Ukuta wa mbele wa kanisa umejaa mabamba ya kumbukumbu yaliyowekwa na nchi na miji mbalimbali, na mtu akisimama pale hukosa namna ya kutoguswa.

Lakini mama yule alipomaliza hayo alifungua faili lake, akatoa karatasi, akasema kwa kuwa nimeuliza kule mnarani atanisomea Kifungu cha 22. Alikisoma polepole kwa Kihispania, kisha akatufasiria. Kifungu hicho kinawahusu Wahispania ambao kwa upande wowote wa nasaba yao wanahesabiwa kuwa na asili ya Afrika. Hao hawakuwa raia kwa kuzaliwa. Waliachiwa, kama kifungu chenyewe kinavyosema, mlango wa wema na ustahili: bunge lingeweza kumpa hati ya uraia yule aliyeitumikia nchi ipasavyo au aliyejipambanua kwa kipaji, juhudi na mwenendo, kwa sharti kwamba awe mtoto wa ndoa halali wa wazazi waliozaliwa huru, awe ameoa mwanamke aliyezaliwa huru, awe anaishi katika milki za Uhispania, na awe na kazi ya manufaa inayotegemea mtaji wake mwenyewe. Mzungu wa Sevilla hakuhitaji hati ya namna hiyo ili awe raia. Tena Kifungu cha 29 kiliwaondoa watu hao katika hesabu ya kugawa viti vya bunge, na sababu yake haikuwa siri, kwani Amerika ilikuwa na watu wengi wenye damu ya Kiafrika, na wangehesabiwa wote, wawakilishi wa makoloni wangewazidi wale wa Uhispania.

Walikuwako waliotaka njia nyingine. Katika bunge hilohilo, mwaka 1811, José Miguel Guridi y Alcocer, mwakilishi kutoka Mexico, alipendekeza utumwa wenyewe ukomeshwe, na Agustín de Argüelles, mwakilishi wa Uhispania yenyewe, akapendekeza biashara ya watumwa ipigwe marufuku. Mapendekezo yote mawili hayakufika popote, na Cuba, iliyokuwa chini ya Uhispania, ilikaa na utumwa hadi mwaka 1886. Naliandika hili kwa sababu msomaji wa Kiswahili anayekwenda kusimama mbele ya mabamba yale ana haki ya kujua kwamba ndani ya ukuta ule watu wa rangi yake walijadiliwa, wakapimwa, na wakawekwa nje. Makala yenu ilimpeleka msomaji hadi mlangoni ikamwambia kinyume chake.

Haki inanitaka niseme pia kwamba kumlipa mtu si dhamana. Mwaka mwingine nilikwenda na mwongozaji kijana, tena mwenye kibali, aliyetukimbiza mji mzima kwa saa moja na nusu, na nilipomuuliza kuhusu Waafrika alijibu kwamba hilo lilikuwa jambo la Amerika, si la Cádiz. Nilimkumbusha kwa adabu kampuni ya mwaka 1765, akaitazama saa yake. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wasomaji ni kwamba wamchague mwongozaji kabla ya kuondoka, wamwambie mapema wanachotaka kujua, na wasione haya kuuliza mara ya pili. Zipo pia ziara zinazotangazwa kuwa za bure, ambazo mgeni hutoa mwishoni kiasi anachoona kinafaa. Nimeona watu wakichepuka kwenye kona ya mwisho ili wasitoe kitu, wakiwamo wenzangu wa melini, na kwangu mimi hilo ni dhuluma, kwa sababu kwa wengi wa waongozaji hao bakshishi ndiyo mshahara. Jambo jingine la kujihadhari nalo ni upepo wa mashariki uitwao levante, ambao ukishika huvuma kwa siku kadhaa na kuwachosha watembeao ukingoni mwa bahari. Siku kama hiyo ombeni mpitishwe vichochoroni.

Matembezi yetu yaliishia mtaa wa La Viña, mtaa wa wavuvi wa zamani, na ufuo wa La Caleta ulio mbele yake. Katika njia ya La Palma tulionyeshwa bamba linaloonyesha mahali ambapo, kwa mapokeo ya mtaa, mawimbi ya tarehe 1 Novemba 1755 yalikomea, baada ya lile tetemeko lililoangamiza Lisbon. Waumini husema padri alitoka na bendera ya Bikira Maria akayakabili maji. Mimi kama baharia nilishikwa zaidi na habari ya pili, kwamba gavana aliamuru lango la mji lifungwe ili watu wasikimbilie ule ulimi mwembamba wa ardhi unaouunganisha mji na bara, ambao bahari iliufunika. Bila shaka wengi waliomlaani gavana langoni siku hiyo walilala salama usiku wake.

Ufuo wa La Caleta umekaa kati ya ngome mbili, San Sebastián na Santa Catalina, na maji yakipwa mashua ndogo hulala ubavu mchangani kama zilalavyo kwetu. Hapo mama yule alitueleza kwamba mwaka 1596 meli za Waingereza na Waholanzi ziliuteka mji, zikaupora na kuuchoma, na kwamba baada ya hasara hiyo Mfalme Felipe II aliamuru Santa Catalina ijengwe. Nilisimama nikizitazama zile pembe za ukuta zilizochongoka kuelekea baharini, nikamwambia kwamba mfalme huyohuyo, aliyekuwa pia mfalme wa Ureno, ndiye ambaye chini ya utawala wake Fort Jesus ilijengwa Mombasa kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikianza mwaka 1593 na kukamilika mwaka huohuo wa 1596 Cádiz ilipoungua. Alikuwa hajapata kuisikia habari hiyo. Aliniomba nimtamkie jina la Mombasa, akaliandika nyuma ya karatasi yenye Kifungu cha 22, na niliporudi mwaka uliofuata nikamkuta akiwaeleza wageni wake habari za ngome yetu.

Kwa hayo naomba mambo mawili, Mhariri. La kwanza ni kwamba gazeti lisahihishe ile sentensi iliyosema katiba ya mwaka 1812 ilimpa kila mtu haki sawa. La pili ni kwamba mtakapoandika tena kuhusu Cádiz mkichapishe Kifungu cha 22 chote kwa Kiswahili, si kwa muhtasari kama nilivyofanya mimi hapa. Nimekwisha kukifasiri kwa msaada wa rafiki anayekijua Kihispania vizuri, na nitakuwa nyumbani hadi mwisho wa mwezi kabla ya kurudi kazini, kwa hiyo naweza kuileta nakala ofisini kwenu siku mtakayonipangia.

Wenu mtiifu,
Baharia na msomaji wenu wa siku nyingi,
Mji wa Kale, Mombasa